Mhariri, peji ya zamani haifi kwa kuisahau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yenu ya barua. Najua mmezoea kuletewa mambo ya mashimo ya barabarani na maji ya bomba, na hayo hapa Moshi tunayo ya kutosha, ila leo nataka niongelee kitu ambacho hakionekani barabarani na kinatula hela kimya kimya, nacho ni zile peji za zamani kwenye tovuti zetu, hasa sisi tunaoishi kwa watalii, ingawa na nyie wa magazeti mmo humo humo, nitafika kwenu msijali.

Mi ndo yule kijana wa kompyuta kwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Kijana kwa cheo tu maana mtoto wangu wa kwanza yuko kidato cha pili. Ofisi yetu iko ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yangu ni kujibu imeili, kuweka picha kwenye tovuti, kutengeneza printa ikigoma na kutumwa benki.

Mwaka juzi mwezi wa sita wakaja wageni wawili, mtu na mke wake, watu wazima wastaarabu kabisa kutoka Uholanzi. Kwenye imeili walishaandika kwamba bei wameiona, wameridhika, watalipa wakifika, na bosi akajibu karibuni sana. Wametoka uwanja wa ndege wa KIA na mabegi yao, wamekaa, wamepewa kahawa, halafu yule mama akatoa karatasi kwenye folda. Orodha yetu ya bei. Nembo yetu, namba yetu ya simu ya kale, njia ya Machame siku sita kwa bei ambayo nilivyoiona tu nikahisi kizunguzungu, maana ilikuwa ya 2015, kabla VAT ya asilimia 18 haijawekwa kwenye huduma za utalii Julai 2016, na kabla ya kila kitu kingine kupanda. Kwa bei ile ukishalipa ada za hifadhi, ukalipa wapagazi na mpishi na muongoza wageni, unashuka kwa njia ya Mweka na deni.

Bosi akaniita pembeni. "Dogo, si nilikwambia ubadilishe bei?"

"Nilibadilisha mzee, tangu mwaka ule ule."

Tukafungua peji ya bei, kweli iko sawa, bei ya mwaka huo. Sasa hii karatasi imetoka wapi? Nikamuomba yule mama kwa adabu anionyeshe alivyoipata, akachukua simu, akaandika Google jina la kampuni na Machame, na jibu la tatu kushuka chini likawa faili la PDF, limekaa pale kama bibi harusi. Hapo ndo nikaelewa. Mwaka ule nilitoa linki kwenye peji, faili lenyewe nikaliacha kwenye seva, yaani ile kompyuta inayotunza tovuti. Ni kama umeng'oa kibao cha kinyozi barabarani ukamwacha kinyozi mwenyewe ndani, anaendelea kunyoa kwa bei ya 2015. Google ilishalijua lile faili, na kuna tovuti za watu wengine zilikuwa zinalielekezea linki miaka yote, kwa iyo halikuhitaji ruhusa yangu kuendelea kupokea wateja.

Bosi akagawana hasara na wale wazee wa watu, wakapanda, wakafika kilele cha Uhuru, wakashuka wanafurahi. Kisha akaniambia neno lililotugharimu kuliko ile bei yenyewe, akasema futa kila kitu cha zamani, leo leo.

Nikafuta Mhariri. Usiku ule nilikaa na chai ya tangawizi nikafuta kurasa zaidi ya mia, zote ambazo tarehe yake ilikuwa nyuma ya miaka mitatu, sikuangalia ndani, naangalia tarehe tu. Nikalala vizuri kweli. Mwezi wa saba hatukuona kitu kwa sababu msimu ulikuwa umeshajaa, wa nane pia, ila ilipofika wakati ambao kwa kawaida watu wanaanza kuulizia safari za Januari na Februari, imeili zikawa za kuhesabu kwa vidole, siku nyingine haiingii hata moja. Bosi anauliza intaneti imekatika? Haijakatika mzee.

Kilichokuwa kimetokea nilikuja kukijua baadaye kwa kusoma na kwa kuumia. Kati ya zile peji nilizofuta kulikuwa na moja ya mwaka 2013, inaitwa vitu vya kufungasha kwa ajili ya mlima, imeandikwa na meneja aliyeondoka zamani, picha zake mbaya, na ndiyo iliyokuwa inatuletea wageni kuliko peji ya mwanzo. Watu waliowahi kupanda na sisi walikuwa wameiweka linki kwenye maandishi yao huko kwao, wengine Ujerumani, wengine Marekani, na Google inahesabu linki kama hizo kama mtu anavyohesabu wadhamini benki. Mi nikaichoma kwa sababu ya tarehe.

Na kosa lake lilikuwa sentensi moja tu! Ilikuwa inasema mgeni afunge nguo zake kwenye mifuko ya plastiki zisilowe. Hiyo kabla ya tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa ushauri mzuri, baada ya hapo rambo imepigwa marufuku nchi hii na unamuandikia mgeni aje nayo mpaka uwanja wa ndege. Papai lenye doa hulitupi, unakata pale penye doa unakula. Ningebadilisha ile sentensi nikaweka mifuko ya kitambaa au begi lisilopitisha maji, nikaandika lini peji imepitiwa, basi.

Bosi akaona mi nimeshindwa, akaleta wataalamu wa Arusha. Mnajua sisi wa Moshi na Arusha, kilomita themanini tu lakini kila mmoja anaona mwenzake ndo anajua zaidi akishaharibikiwa. Wakaja vijana wawili na laptopu safi, wakasema tatizo dogo sana, anuani zote zilizokufa tunazielekeza peji ya mwanzo, mgeni asikutane na ukuta. Wakaweka hivyo, wakalipwa, wakarudi kwao. Na mi nikaona ni akili kweli, kwa nini sikuwaza hivyo.

Haikusaidia hata kidogo. Ili nieleze kwa nini inabidi niseme kidogo seva inavyoongea, na nitatumia duka la Mangi maana kila mtu analo mtaani kwake.

Kila anayebisha hodi kwenye peji, awe mtu au awe ile roboti ya Google inayozunguka kusoma, seva inamjibu namba kwanza. 200 maana yake karibu, kipo. 404 ni hakipo, na sijui kimeenda wapi. 410 ni kilikuwepo, kimeondoka, usikingoje. 301 ni kimehama moja kwa moja, sasa kiko anuani hii hapa. 302 ni kimetoka kidogo tu, kitarudi. Sasa Mangi akihama kutoka Majengo kwenda Pasua, akiwa na akili anaacha karatasi mlangoni, tumehamia Pasua nyuma ya msikiti, hiyo ndo 301. Akifunga biashara akaandika duka limefungwa kabisa, tunashukuru, hiyo 410. Akifunga mlango akapotea bila neno ni 404. Walichofanya wale vijana ni kuweka karatasi kwenye kila mlango uliofungwa mjini, wa fundi cherehani, wa muuza mbege, wa duka la dawa, zote zinasema nenda stendi. Mtu amekuja kushona suti, anafika stendi, anaangalia huku na huku, anageuza. Google nayo sio mjinga, ikiona anuani mia zinazoongelea vitu mia zote zinamwagwa peji ya mwanzo, inazihesabu kama 404 tu, hata kama seva inatabasamu. Wenyewe wanaiita 404 laini, mi naiita ya kinafiki. Iko pia aina nyingine yake, ambayo mlango uko wazi, muuzaji anakwambia karibu sana, rafu ziko tupu, yaani peji inaandika samahani hatuna kitu hiki huku seva chini chini inajibu 200 kila kitu poa.

Hapo ndo nikaamua kukaa chini mwenyewe. Bosi alishachoka kulipa, akasema fanya unavyojua.

Cha kwanza nilichojifunza ni kwamba ningeangalia kabla ya kufuta. Google ina chombo cha bure kinaitwa Search Console, ukishathibitisha kwamba tovuti ni yako kinakuonyesha watu waliandika maneno gani wakaiona peji gani na wakabonyeza mara ngapi, na kinaenda nyuma miezi 16. Hiyo miezi 16 kwa sisi wa mlimani ni muhimu kuliko mtu wa Dar anavyoweza kudhani, maana ukichungulia mwezi wa nne au wa tano wakati wa masika unaweza kuona peji imelala fofofo ukasema hii maiti, kumbe inaamka kila mwaka mwezi wa tisa watu wa Ulaya wakianza kupanga safari za Januari. Biashara yetu ina misimu, na peji nazo zina misimu yake, usizipime kwa mwezi mmoja.

Nikachukua daftari la shule la mwanangu, nikaorodhesha anuani zote nilizokuwa nimefuta, nyingine nilizipata kwenye Search Console yenyewe, nyingine kwenye Wayback Machine, ile ghala ya Internet Archive ya Marekani inayopiga kopi za kurasa za dunia nzima na ambayo iko wazi kwa watu tangu 2001. Nashukuru sana wale watu, maandishi ya ile peji ya kufungasha niliyapata kwao, sisi wenyewe hatukuwa na kopi. Sio kila kitu wanacho lakini. Na zamani ungeweza kujishikiza na kopi ya Google yenyewe, kile kilinki kidogo pembeni ya jibu, mwaka 2024 wakakiondoa.

Halafu nikapita moja moja. Sitawachosha na zote ila kuna chache zinafundisha.

Ilikuwepo ya pori la akiba la Selous. Bosi alitaka ife kwa sababu 2019 sehemu kubwa ya Selous ilimegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na tulishakuwa na peji mpya ya Nyerere. Mi nikasema mzee, mzungu aliyesimuliwa na babake kuhusu Selous ataandika Selous kwenye Google mpaka azeeke. Kwa iyo yale mazuri ya peji ya zamani, habari za boti Rufiji na mbwa mwitu, nikayahamishia kwenye peji ya Nyerere, nikaandika pale juu kabisa kwamba sehemu hii zamani ilikuwa ndani ya Selous na mwaka 2019 ikawa hifadhi ya taifa, kisha anuani ya zamani nikaipa 301 kwenda kwenye hiyo mpya. Huyo ni mrithi halali, mtu akifika anapata kile kile alichokuja kukitafuta. Kama hakuna mrithi usimtafutie wa kubambikia.

Ilikuwepo ya maswali ya wageni, inasema mlimani hakuna intaneti kabisa, agana na familia getini. Wakati Agosti 2022 shirika la simu la TTCL waliwasha intaneti ya kasi kambi ya Horombo, mita 3,720 juu, mpaka waziri alipanda. Hii nikarekebisha tu pale pale, anuani ile ile. Kuna nyingine ilikuwa inamwambia mgeni kutoka Dar hakuna treni ya kuja Moshi, na treni ya abiria ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi tumeshaisahau, watu walijaa stesheni kuipokea. Nayo vile vile. Peji ambayo mada yake bado inaishi unaiacha kwenye anuani yake unabadilisha kilichooza. Na ukibadilisha badilisha kweli, maana nimeona kampuni zinafuta 2017 zinabandika tarehe ya mwaka huu juu, ndani ni yale yale. Hiyo ni kama wale wanaofuta tarehe ya mwisho kwenye pakiti za biskuti, na Google wameshasema waziwazi wanaikataa.

Matangazo ya kazi ya 2014, safari maalumu ya kikundi fulani cha mwaka 2016, wasifu wa muongoza wageni aliyeacha kazi akafungua kampuni yake kule Marangu, hizo zote nikazipa 410, kwaheri ya kuonana. Na hapa niseme kitu maana wengi wanaogopa bure, 404 na 410 sio dhambi, Google haiipigi tovuti nzima faini kwa sababu peji kadhaa zimekufa kihalali, vitu vinakufa, inajua. Ila ile peji ya hakipo yenyewe ivalishe vizuri, weka namba ya WhatsApp, weka linki za njia zako kubwa, mtu asijione kama amedondoka kisimani.

Masharti ya korona, ya kupima na fomu za kujaza, hayo nilitaka kuyaacha kama kumbukumbu ya ofisi lakini yasionekane Google mtu akapata hofu ya bure. Kwa hilo kuna alama unaweka ndani ya peji inaitwa noindex, inaiambia Google soma ila usiniweke kwenye orodha yako. Hapa nilikosea mara moja, nikaweka na kizuizi kwenye faili la robots.txt pia, nikidhani kufuli mbili ni bora kuliko moja. Kumbe ile ya pili inaizuia roboti isiingie kabisa, sasa kama haiingii itaisomaje ile alama iliyoko ndani? Ni sawa na kumkataza mgeni asikanyage uani kwako halafu umebandika ujumbe wake sebuleni. Anuani ikaendelea kuonekana Google bila maelezo, wiki na wiki, mpaka nilipotoa kizuizi.

Na lile PDF. PDF halina mahali pa kuweka hiyo alama ndani kama peji ya kawaida, inabidi seva ndo iiseme pembeni wakati inalitoa, au ulifute faili lenyewe kabisa seva ijibu 410. Nikalifuta. Bosi akataka lipotee Google siku hiyo hiyo, na kweli Search Console ina sehemu ya kuomba kitu kifichwe haraka, ila kinafichwa kama miezi sita tu, kama ndani ya miezi hiyo hujashughulikia chanzo kinarudi kama madeni ya Januari. Sisi chanzo kilishakufa kwa iyo halikurudi. Sasa hivi bei hatuweki tena kwenye PDF, bei ziko peji moja, anuani moja, haina mwaka ndani yake. Zamani tulikuwa tunafungua anuani mpya kila mwaka, bei ya 2014, bei ya 2015, bei ya 2016, zote ziko hai zinagombana zenyewe kwa zenyewe huko Google na mara nyingi ya zamani ndo inashinda maana ndo yenye linki nyingi. Tim Berners-Lee, huyo aliyeibuni hii wavuti yenyewe, aliandika toka 1998 kwamba anuani nzuri haibadiliki na kwamba usiweke ndani yake vitu vitakavyobadilika. Miaka karibu thelathini, na kampuni zetu bado zinaweka mwaka na jina la meneja.

Kuna moja nataka niirudie kwa sababu nimeona wenzangu wengi Arusha wanaifanya kila wakibadilisha muundo wa tovuti. Wanaelekeza anuani ya 2015 kwenda ya 2018, ya 2018 kwenda ya 2021, ya 2021 kwenda ya leo. Yaani karatasi ya Majengo inakupeleka Pasua, ya Pasua inakupeleka Kiborloni, ya Kiborloni inakurudisha Rau. Roboti ya Google inavumilia miruko mpaka kumi kisha inaacha, mgeni mwenye simu na bando la kuunga hafiki hapo. Elekeza zote moja kwa moja kwenye nyumba ya mwisho. Na ukishaweka 301 usiitoe baada ya miezi miwili kwa kusema wameshajua, Google wenyewe wanasema angalau mwaka mzima, mi nasema iache tu, haili chakula. Na orodha ya anuani mnayowapa, ile saitimapu, toeni zilizokufa, isiwe daftari la wapiga kura.

Ilichukua kama miezi mitano. Sitadanganya kwamba kila kitu kilirudi, kuna linki za watu huko nje ambazo wenyewe walishazitoa walipoona zimekufa, hizo zimeenda na hazirudi. Ila peji ya kufungasha ilirudi kwenye anuani yake ile ile ya 2013, neno kwa neno isipokuwa hiyo mifuko na picha mpya, na mwezi wa kumi mwaka jana mgeni wa kwanza aliyetaja kuisoma alituandikia. Bosi alinunua mbuzi. Alisema ni wa Krismasi lakini najua.

Sasa nije kwenu. Taasisi ya Pew Research Center ya Marekani ilitoa ripoti 2024, ikasema asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo kwenye wavuti mwaka 2013 hazifunguki tena miaka kumi baadaye. Mi nilivyosoma nikawaza magazeti yetu ya Kiswahili. Kampuni ya utalii ikipoteza peji imepoteza mteja, gazeti likipoteza peji mjukuu wangu amepoteza ushahidi. Na gazeti tena lina shida yake tofauti na yetu kwa sababu habari ya zamani haitakiwi kurekebishwa iendane na leo, mi bei nabadilisha, nyie mkibadilisha habari ya 2020 mmeghushi. Habari inabaki ilivyo, kwenye anuani yake, tarehe yake iko juu kwa herufi za kuonekana, na kama inaweza kumtisha mtu leo mnaweka mstari mmoja juu yake, hii ni habari ya mwaka fulani.

Nina mfano. Oktoba 2020 mlima uliwaka moto, ulianzia maeneo ya Whona kwenye njia ya Marangu, tukauona huku tuna madumu ya maji mgongoni, tunalala kwa zamu, maana baadhi yetu tulipanda kusaidia. Gazeti lenu liliandika vizuri sana, habari tatu mfululizo, na kwenye ya pili kuna picha ya vijana wa kwetu wanapiga moto na matawi. Mi nilizihifadhi linki zote tatu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nawatumia wageni wanaouliza kwa nini kuna miti myeusi juu ya kambi ya Mandara. Mlivyobadilisha muonekano wa tovuti, zote tatu zikawa zinanipeleka peji yenu ya mwanzo, kwenye matokeo ya mpira na tangazo la godoro.

Huko stendi ndo mlikonipeleka Mhariri. Habari zenyewe naamini bado mnazo kwenye mashine, maana nikiandika kichwa cha habari kwenye kile kisanduku chenu cha kutafutia ya kwanza inatokea, ina anuani mpya, picha hazipo. Ya pili na ya tatu sizipati. Kijana wenu wa kompyuta, na yeye najua anatumwa benki, hiyo kazi ya kuoanisha anuani za zamani na mpya haimalizi siku mbili kama mlihamisha zote kwa mpangilio mmoja, ni mistari michache tu kwenye seva. Hizo linki tatu ninazo kwenye daftari, ukurasa wa nyuma, nikitumiwa ujumbe nazileta ofisini kwenu Arusha mwenyewe, Jumanne huwa nakuja kununua wino wa printa.

Wenu,
Kijana wa kompyuta,
Moshi